Punda wa Shemasi Ozell na Sheria ya Jumanne

Simu ililia saa tatu asubuhi, siku ya Alhamisi, na Corliss Birdwell alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Aliipokea kwa kidole kimoja, akaibana kati ya sikio na bega.

"Corliss," alisema Meya Wendell Crigler, "niko huku makaburini. Baba yako amekaa juu ya Punda, injini imezimwa, kofia imemfunika macho. Nilidhani amesinzia."

"Basi mwache asinzie. Ameondoka hapa alfajiri."

"Nimemwambia kile kichekesho cha mhubiri na kasa."

"Halafu?"

"Nimemwambia mara mbili, binti."

"Na hakucheka?"

"Hakucheka."

Corliss aliiweka simu mezani taratibu, katikati ya unga. Hakuhitaji daktari wa kumwambia. Katika miaka yake sabini na minane, Shemasi Ozell Birdwell hakuwahi kusikia kichekesho asicheke. Alicheka vizuri na vibovu, alicheka hata vya Meya, na vya Meya vilikuwa vibovu kuliko vyote katika jimbo la Georgia. Ndipo Corliss akafanya jambo ambalo hakulitegemea: alicheka. Alicheka huku machozi yanamtiririka na kuchora mifereji kwenye unga wa mashavuni, akasema kwa sauti jikoni peke yake, "Ee Bwana, umemchukua kabla kasa hajafika mwisho. Umemwonea huruma."

Alipofika makaburini alimkuta kama alivyoambiwa. Safu zote zilikuwa zimekatwa vizuri, isipokuwa utepe mmoja wa nyasi, hatua tatu upana, kando ya kaburi la mama yake, Nettie. Huo aliuacha mwisho siku zote, kama mtu anavyobakiza nyama kwenye sahani. Corliss alimvua kofia, akambusu kwenye paji la uso, akamrudishia kofia. Meya alisimama pembeni akivuta pua.

Punda lilikuwa jina la mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukaliwa kama trekta dogo, zamani nyekundu, sasa rangi ya kutu. Shemasi aliipa jina hilo kwa heshima ya punda wa Balaamu, kwa sababu, alisema, ukimpiga atanena. Na kweli Punda alinena: alikohoa, alipiga chafya, alitema moshi, na ndipo akaenda, polepole kuliko bibi mwenye viatu vipya.

Kila Pasaka, baada ya kula, mzee alirudia wosia wake. "Siku nikifa, msiniweke kwenye lile gari refu jeusi. Punda ndiye atanipeleka kwa Nettie, mimi nikiwa kwenye tela. Tena tupite Barabara Kuu, watu wanione. Na msivunje sheria ya mtu."

Kila Pasaka Corliss alicheka. Alhamisi hiyo, akiwa ameshika usukani wa Punda kwa mkono mmoja na mkono wa baba yake kwa mwingine, hakujua atafanyaje. Wosia ulikuwa na pande mbili, na pande hizo hazikupatana. Katika mji wa Tolliver Springs ni kosa kuendesha mashine ya kukatia nyasi kwenye Barabara Kuu, injini ikiwaka, huku ikivuta kitu chochote. Kuna faini, na mashine inachukuliwa. Kanisa liko mwanzo wa Barabara Kuu, chini. Makaburi yako mwisho wake, juu. Njia nyingine hakuna.

Na mtu aliyesababisha sheria hiyo itungwe alikuwa Shemasi Ozell mwenyewe.

Ilikuwa miaka kumi na tisa nyuma, Jumapili ya ubatizo, mwezi wa nane. Watu wa kubatizwa walikwisha kutangulia kijitoni, ng'ambo ya makaburi. Basi la kanisa likagoma kuwaka. Mama kumi na mmoja wa kanisa, wote wamevaa nyeupe toka kofia hadi viatu, walibaki uwanjani na vikapu vyao, wakijipepea. Shemasi Ozell alimfunga Punda kwenye tela, akapandisha mabenchi mawili, akatandika shuka.

Mama Eulalee, aliyekuwa kiongozi wao, alikizunguka chombo hicho mara mbili. "Ndugu Ozell, hiki kidude kitatufikisha?"

"Kitawafikisha, Mama. Sikusema saa ngapi."

Wakapanda, wakaanza wimbo, Punda akakohoa, safari ikaanza. Upande mmoja wa Barabara Kuu ulikuwa umechimbwa kwa ajili ya mabomba, kwa hiyo gari lililokuwa nyuma yao lilibaki nyuma yao. Ndani yake alikuwa Meya Wendell Crigler, ambaye saa nane kamili alitakiwa kuwa kituo cha zimamoto kuonja pai za pichi na kutangaza mshindi. Alipiga honi. Akina mama walidhani anawasindikiza.

"Hapohapo, Meya!" Mama Eulalee alimpigia kelele. "Piga tena tukifika kwenye kiitikio!"

Alipiga tena. Tela lilikwenda polepole kiasi kwamba Mama Eulalee, wakati huo miaka sabini na mmoja, alishuka, akaenda hadi dirishani kwa Meya, akampa kuku wa kukaanga, akarudi akapanda, wala hakukimbia. Meya alikula. Alipofika kituoni, mashindano yalikuwa yamekwisha, naibu wake ndiye aliyetangaza mshindi, na pai ya mkewe ilishika nafasi ya nne. Nyumbani siku hiyo hapakuwa na amani.

Jumanne baraza la mji lilikaa likapitisha ile sheria ya mashine. Na ili sheria imkamate mtu wake, waliandika chini kabisa kwamba itaanza kufanya kazi Ijumaa iliyopita.

Jumatano afisa wa polisi alileta karatasi. Shemasi Ozell aliisoma barazani akiwa amevaa miwani ya Nettie, kwa sababu miwani yake mwenyewe ilikuwa imepotea.

"Afande, sheria hii ni ya lini?"

"Jana, Mzee."

"Na mimi nilipita lini?"

"Jumapili."

"Sasa Jumapili ningejuaje?"

Afisa alijikuna shingo. "Mzee, mimi naleta karatasi tu."

"Najua, mwanangu. Chukua pai, kaa."

Corliss wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minne, na hakupenda mambo ya mahakama. "Baba, lipa faini yaishe. Ni kitu kidogo."

"Faini ningelipa. Punda je? Wakimchukua, nani atakata nyasi za mama yako?" Alikunja karatasi kwa nne. "Na hata wasingemtaka Punda, jambo hili si haki. Binti yangu, mimi shule niliishia darasa la nane. Lakini bustanini Mungu alimwambia Adamu kwanza. Alisema, usile mti huu. Ndipo Adamu akala, ndipo akaulizwa. Mungu mwenyewe hakutunga amri Jumanne kwa tunda lililoliwa Jumapili. Wendell Crigler ni nani?"

Akaenda bandani, akafungua kisanduku cha spana chini ya kiti cha Punda, akatoa kijitabu chenye madoa ya oili. Ilikuwa Katiba ya Marekani, waliyogawiwa bure kwenye maonyesho ya kilimo. Alikuwa akiisoma kivulini akisubiri injini ipoe, na injini ile ilichelewa kupoa. Alifungua kifungu cha kwanza, sehemu ya kumi, akaweka kidole: jimbo lolote lisitunge sheria ya kumwadhibu mtu kwa jambo ambalo halikuwa kosa alipolitenda.

"Wazee walioandika hii," alisema, akipiga ukurasa kwa ukucha, "walishawahi kukutana na watu kama Wendell."

Mahakama ya mji ilikaa kwenye chumba cha nyuma cha kituo cha zimamoto. Kanisa zima lilikuja. Akina mama kumi na mmoja walikaa safu ya mbele na kofia zao, na waliokaa nyuma hawakuona kitu. Jaji Marguerite Stovall, mwanamke mwembamba asiyependa kupotezewa muda, alimtazama mshitakiwa juu ya miwani.

"Bwana Birdwell, una wakili?"

"Nina Katiba, Mheshimiwa, na mama kumi na mmoja."

"Je, Jumapili hiyo ulivuta—"

"Niliwavuta, ndiyo."

"Ngoja kwanza. Hulazimiki kutoa ushahidi dhidi yako mwenyewe. Katiba hiyohiyo inakulinda."

"Nimeona, iko kurasa za mbele kidogo. Lakini mji mzima uliniona, Mheshimiwa, na kulisimulia ni raha."

Mwanasheria wa mji alisema kwamba maneno ya kijitabu yanayahusu majimbo, na hii ni sheria ndogo tu ya mji mdogo. Jaji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza mji umepata wapi uwezo wa kutunga sheria. Akajibu, kwa jimbo. "Basi," alisema Jaji, "jimbo haliwezi kuupa mji ruhusa ambayo lenyewe limenyimwa." Akamgeukia Meya. "Bwana Crigler, siku ile ulipokuwa nyuma ya tela, kulikuwa na sheria yoyote iliyokataza jambo lile?"

"Hapana, Mheshimiwa, lakini kulikuwa na joto—"

"Ulikula kuku?"

"Hilo linahusu nini?"

"Halihusu. Nimetaka kujua tu."

Meya alitazama viatu vyake. "Vipande viwili."

"Vitatu!" alisema Mama Eulalee.

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Corliss alimwona mwanasheria wa mji ameficha uso kwenye faili, mabega yakimtikisika. Baba yake alicheka hadi akashika ukingo wa meza, na alipokuwa anatulia alimtazama Meya akaanza upya. Jaji aligonga nyundo mara nyingi, na mdomo wake mwenyewe haukuwa umetulia.

"Shitaka limefutwa," alisema hatimaye. "Lakini nisikilize vizuri, Bwana Birdwell. Kilichoanguka leo ni ile Ijumaa ya kurudi nyuma. Sheria yenyewe, tangu ilipopitishwa na kuendelea, iko hai. Ukipita kesho, nitakutoza."

Shemasi Ozell alisimama wima. "Sawa kabisa, Mheshimiwa. Sasa nimeambiwa."

Na hapo ndipo watu wa Tolliver Springs walipomjua vizuri. Alhamisi iliyofuata alitoka na Punda kwenda makaburini, tela limebeba petroli, reki na maua ya Nettie. Alipofika ukingo wa Barabara Kuu alizima injini, akashuka, akaanza kusukuma. Mitaa mitatu, kupanda mlima. Kwenye lango la makaburi, ambapo barabara inakwisha na sheria inakwishia hapo, alipanda, akawasha, akaingia.

"Ozell, una wazimu?" watu walimwita kutoka madukani. "Wewe si ulishinda?"

"Nilishinda ya nyuma," alijibu akihema. "Hii ni ya mbele."

Kinyozi hakuvumilia. Alimwacha mteja na povu nusu shavu akaja kusaidia. Wiki iliyofuata walikuwa watatu. Meya mwaka wa kwanza alichungulia dirishani tu. Mwaka wa pili, siku ya mvua, alitoka na mwavuli akamfunika mzee. Mwaka wa tatu alikuwa anasukuma na yeye, na ndiko alikoanzia vichekesho vyake, kwa sababu alikuwa amepata mtu asiyeweza kumkimbia. Mwaka wa tano baraza lilitaka kuifuta sheria kwa aibu. Shemasi Ozell alikwenda kikaoni mwenyewe, Jumanne, amevaa tai.

"Waheshimiwa, niachieni sheria yangu," aliwaomba. "Mkiifuta nitakuwa napita peke yangu na kelele za injini. Nani ataongea na mimi?"

Wakaiacha.

Alhamisi jioni, siku ya msiba, Meya alikuja jikoni kwa Corliss na bakuli la makaroni ya jibini. Corliss alikuwa amekaa na Mama Eulalee, sasa mwenye miaka tisini, kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Nimefikiri," alisema Meya. "Jumamosi washeni Punda mpite. Nitamwambia afisa aangalie ndege."

"Ndege gani?"

"Wowote. Halafu Jumanne baraza linakaa, tunapitisha kwamba Jumamosi ilikuwa ruhusa. Nimemuuliza mwanasheria. Katiba inakataza kurudi nyuma kuadhibu, kurudi nyuma kusamehe haina neno."

Mama Eulalee alicheka mpaka kiti kikasogea. "Wendell! Miaka kumi na tisa, na bado unataka kutunga Jumanne mambo ya wikiendi!"

"Mama, nataka kusaidia."

"Najua, mwanangu. Kula."

Corliss alishawishika. Alikuwa amechoka, na jeneza lilikuwa la mwaloni. Lakini akilini alimwona baba yake akisimama wima mbele ya Jaji Stovall. "Katiba labda inaruhusu, Meya," alisema. "Baba haruhusu. Aliambiwa, akatii miaka kumi na tisa. Siwezi kumfanya avunje sheria siku asiyoweza kukataa."

"Sasa mtafanyaje?"

"Tutasukuma."

Ijumaa alijaribu. Alipakia mifuko ya saruji yenye uzito wa baba yake na jeneza, na baba yake alikuwa mtu asiyebakiza pai. Walisukuma wanne: yeye, kinyozi, mchungaji, na Meya. Walifika nusu ya mtaa wa kwanza. Hapo Punda alisimama, akafikiri, akaanza kurudi. Walimfuata mbio mteremko huo wakimshika mkia, wakimsihi kwa jina, mpaka akajiegesha mwenyewe kwenye ngazi za duka la kinyozi kama mteja. Mwenye nyumba ya mazishi, yule wa lile gari refu jeusi, aliyekuwa akitazama kutoka ng'ambo, alivua kofia.

"Dada Corliss, kwa heshima zote. Gari langu lina mafuta."

Walikaa kwenye ngazi, wamelowa jasho, wakacheka wasiweze kuinuka. Lakini alipofika chumbani kwake Corliss alipiga magoti, na hapo hakucheka. "Bwana," alisema, "uliwavusha watu wako bahari nzima. Mimi naomba mitaa mitatu tu. Nisimwangushe."

Jumamosi ibada ilianza saa tano, na haikuwa ya huzuni kwa sababu haikuweza. Kila aliyesimama kumsifu marehemu alianza kwa kulia na kumaliza kwa kuiga kikohozi cha Punda. Walimuimbia kwa makofi. Milango ilipofunguliwa, Corliss alitoka nyuma ya jeneza akasimama ngazini.

Barabara Kuu ilikuwa imejaa. Watu wa zimamoto walikuwa wameleta kamba zao mbili ndefu, wamezifunga mbele ya Punda, na watu walikuwa wamezishika pande zote mbili hadi mbele ya posta. Kinyozi alikuwa amefunga duka. Yule afisa aliyeleta karatasi, sasa mzee wa mvi, alikuwa amevua kofia na kushika kamba. Wazungu wa kanisa la ng'ambo ya reli walikuja na mchungaji wao. Jaji Stovall, aliyestaafu zamani, alikuwa amevaa viatu vya mpira chini ya gauni jeusi.

"Mheshimiwa," Corliss alimwambia, "wewe huna haja ya kuvuta."

"Nimekuja kuhakikisha injini imezimwa," alisema Jaji, akatemea viganja vyake.

Mama Eulalee alidai mwisho wa kamba. Wakamfungia kiti chake hapo.

"Navuta," alisema.

"Mama, unavutwa," kinyozi alimwambia.

"Nyamaza ukavute."

Corliss alikaa kwenye usukani, maana lazima mtu aelekeze. Mchungaji alihesabu hadi tatu. Tela lilitikisika, likasogea, na umati wote ukaanza kupanda mlima ukiimba. Mtaa wa kwanza walipita ngazi za kinyozi bila Punda kugeuza hata kichwa. Nyuma yao magari ya wapita njia yalijipanga hadi chini kanisani, na wajukuu wa Mama Eulalee walitembea dirisha hadi dirisha na vikapu, wakigawa kuku. Dereva mmoja wa lori alipiga honi.

"Ngoja kiitikio!" Meya alimpigia kelele, akiwa ameweka bega nyuma ya tela, suti imeloa. Kisha akainama karibu na jeneza, na Corliss akamsikia akisimulia tena, kwa kuhema, habari ya mhubiri na kasa. Safari hii alifika mwisho. Corliss ndiye aliyecheka, kwa niaba ya baba yake.

Kwenye lango la makaburi waliachia kamba. Watu walikaa kwenye majani, wengine walilala kabisa. Corliss aliangalia chini akahakikisha magurudumu yote, ya Punda na ya tela, yamevuka lami. Akazungusha ufunguo. Punda alikohoa, akapiga chafya, akatoa moshi, akawaka, na watu wakashangilia kama vile ni mpira.

Akampeleka baba yake polepole kati ya safu alizozikata mwenyewe. Wanaume sita walimshusha kutoka kwenye tela wakamweka juu ya kamba, kando ya Nettie. Mchungaji alisoma zaburi ya ishirini na tatu, wote wakaitikia. Walimteremsha saa nane na dakika kumi. Corliss alitupa udongo wa kwanza, Mama Eulalee wa pili kwa mkono wa mjukuu, Meya wa tatu. Walifukia kwa majembe mpaka kaburi likajaa, wakaweka maua. Walipokwisha kuondoka, Corliss alikata ule utepe wa nyasi uliobaki, akazima injini langoni, akaanza kusukuma kurudi nyumbani.